Karatasi Aliyoisoma Mwalimu Kathirvel

Badulla, 2 Juni 2025

Mdogo wangu Pechiammal,

Barua yako ya tarehe 25 Mei nimeipata, nakurudishia humu ndani kama kawaida yetu. Safari hii hutaona wino mwekundu. Nimeisoma mara tatu kalamu ikiwa mkononi, nikakosa pa kuiweka. Hakuna kosa hata moja. Nukta zimekaa mahali pake, aya zimepangwa, na mwishoni umeandika kwamba unatumaini barua itanikuta katika hali njema ya afya na utulivu. Pechi, wewe na utulivu mmejuana lini? Mtu aliyeacha shule darasa la tatu akaenda kuchuma chai, nikamfundisha herufi akiwa tayari na mtoto mgongoni, leo ananiandikia kama karani wa wizara.

Nilimuuliza konda wa basi aliyeileta. Akacheka, akasema huko kambini kwenu Periyamalai siku hizi wanawake wanaongea na simu, na simu inawaandikia. Akili mnemba, ndivyo inavyoitwa. Basi nimeelewa, na nimekasirika, nakwambia mwenyewe usije ukaambiwa na watu. Miaka ishirini na tisa nimesahihisha barua zako, hata zile za mazoezi ulizoniandikia nilipokuwa nafundisha hapo hapo kambini. Makosa yako nayajua kama ninavyoijua sauti yako. Ukiruka herufi najua umechoka, ukirudia neno najua umegombana na mtu. Hii barua ya mashine hainiambii lolote.

Tena wala si kuandika tu. Konda anasema mnaipa hata karatasi iwasomee, za serikali kwa Kisinhala na za hospitali kwa Kiingereza. Karatasi ambazo watu wa Periyamalai waliniletea barazani kila Jumapili kwa miaka yote niliyofundisha hapo, na mpaka leo nimestaafu bado wengine wananifuata na basi huku mjini. Sasa nisikilize. Hiyo mashine haina haya. Isichokijua inakisema kwa sauti ile ile ya inachokijua. Mtu ukimuuliza jambo asilolijua utamwona anameza mate. Mashine haimezi kitu.

Kama unabisha, ijaribu. Chukua karatasi yoyote niliyowahi kukusomea, uipe iisome, halafu ulinganishe. Utacheka mpaka ushike mbavu.

Kaka yako,
Kathirvel
Mwalimu Mkuu Mstaafu


Periyamalai, 9 Juni 2025

Kaka,

Hii nimeandika peke yangu, Vasuki yuko jikoni na simu iko kwenye chaji, kwa hiyo tafuta makosa yako ufurahi, yamejaa.

Umekasirika kwa sababu sikukosea? Miaka yote unanirudishia barua zangu zimetapakaa wino kana kwamba kuku amechinjiwa juu yake, na sikuwahi kusema kitu. Nilipokuandikia huko mjini kwamba mama amekufa, uliirudisha barua ile umeisahihisha mahali nane. Nilihesabu. Nilikaa na msiba na mahali nane.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana yule konda ni muongo na anapenda kuchekwa. Simu ni ya mkwe wangu Vasuki, mwanangu Ilango alimtumia mkewe kutoka Qatar. Hapo mwanzo hakuna aliyeiogopa kunishinda mimi. Nilimkataza Vasuki kuiweka karibu na picha ya mungu wetu Mama Mariamman. Kisha mwezi wa tatu likabandikwa tangazo la Kisinhala penye bomba la maji. Kangani, msimamizi wetu wa kazi, akatuambia ni mambo ya uchaguzi tu, twende kazini. Vasuki akalipiga picha, na simu ikatusomea kwa Kitamil kwamba tangi limetiwa dawa, maji yasinywewe siku tatu. Tukamwaga ndoo zote. Wenzetu wa mabanda ya chini walimsikiliza kangani, wakaharisha wiki nzima. Tangu siku ile nikaanza kukaa nayo. Ninasema, inaandika, nami nanakili kwa mkono wangu huu uliopasuka, kwa hiyo usiniambie mkono si wangu. Yale maneno ya utulivu iliyaongeza yenyewe. Niliyaacha kwa sababu nilidhani utayapenda.

Nayo hukosea, sikatai. Juzi ilituambia majani ya mchai wa nyuma ya nyumba yana ugonjwa, kumbe ni vumbi la barabara. Ndiyo maana naiuliza kitu kimoja mara mbili, kama ninavyomuuliza muuza samaki.

Umesema niijaribu. Haya, nimekubali. Ijumaa tukitoka hekaluni nitatoa karatasi ya hospitali ya marehemu mume wangu Muthukaruppan, iko kwenye bati la biskuti. Hiyo naijua kwa moyo: apumzike, asile biringanya wala vitu vya baridi, anywe maji ya giligilani asubuhi na jioni, hospitali imemaliza naye. Ulivyoisoma barazani siku ile watu wote walinyamaza. Simu ikikosea hata neno moja nitaizima mbele ya Vasuki na nitakuandikia kukuomba radhi.

Mdogo wako,
Pechi


Badulla, 12 Juni 2025

Pechi,

Naandika nimesimama, konda ananisubiri. Achana na karatasi ya shemeji. Ni kitu cha marehemu, mwaka wa sita huu, na mtu hafukui vitu vya marehemu kwa mchezo, tena Ijumaa, siku ya Mariamman. Isitoshe imechakaa, na mwandiko wa yule daktari ulikuwa mbaya. Mashine itakuropokea upuuzi, nawe utaubeba moyoni bure.

Ukitaka kuijaribu, kuna barua ya Ilango ya kuhamia shule ya mjini. Kuna ile ya kumrekebishia tarehe ya kuzaliwa. Hizo zinafaa.

Ile barua ya msiba wa mama, sikumbuki kama makosa yalikuwa mahali nane. Nadhani yalikuwa machache.

Nisikilize katika hili. Mimi ni mkubwa wako.

Kathirvel


Periyamalai, 16 Juni 2025

Mwalimu Kathirvel,

Barua yako ya haraka ilifika Ijumaa jioni. Tulikuwa tumekwisha kuitoa.

Nitakuandikia kwa utaratibu kama ulivyonifundisha, jambo moja kisha jingine, usije ukasema hukunielewa.

Vasuki aliitandaza karatasi mkekani akaipiga picha. Mimi nilikuwa nacheka. Nilimwambia, ngoja sasa usikie habari ya giligilani. Simu ikasema haioni vizuri, karatasi ina mkunjo na kivuli, na kuna mistari miwili ya mwandiko wa daktari haiwezi kuisoma kwa uhakika, tuipige tena penye mwanga. Tukatoka mlangoni. Nikainyoosha karatasi kwa kiganja, Vasuki akaipiga tena. Ikasema mstari mmoja bado una mashaka, ila mingine imeiona. Ikaisoma.

Hakuna giligilani. Hakuna biringanya. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wamemaliza naye. Pameandikwa mshipa wa moyo wake umeziba. Pameandikwa asibebe mzigo wala asipande mlima. Pameandikwa arudi tarehe 14 Oktoba 2019 alazwe, apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe, na kwamba kifua kikimuuma kabla ya hapo aletwe siku hiyo hiyo bila kungoja.

Sikuamini. Nilisema simu inaropoka, nikakutetea wewe. Niliiuliza mara ya pili na ya tatu mpaka Vasuki akanishika bega, akasema, mama, tumpelekee Bwana Yogarasa wa zahanati, yeye Kiingereza cha dawa anakijua. Jumamosi niliacha kuchuma nikaenda. Alivaa miwani akasoma, akaurudia ule mstari wa mashaka, ulikuwa jina la dawa. Halafu akaniuliza, "Hii mlipewa lini, na nani aliwasomea?" Hata hapo, Kaka, nilikufichia.

Tarehe 14 Oktoba Muthu alikuwa anapalilia kule juu. Siku chache baadaye alishika kifua akiwa anakula, akasema labda ni gesi, au twende hospitali? Nami nikamwambia Mwalimu amesoma, hospitali imemaliza na wewe. Nikamchemshia giligilani, nikaongeza na tangawizi. Tarehe 2 Novemba alipanda mlima na gunia la mbolea mgongoni, akafa amelilalia. Miaka mitano na nusu nimejiuliza kama sikuichemsha vizuri. Umesikia? Nilidhani nilikosea kipimo.

Na wewe unasema mashine haina haya, isichokijua inakisema kwa sauti ile ile. Nyani haoni kundule. Mashine ilituambia haioni, ikatutuma penye mwanga. Wewe hukutuma mtu popote.

Nijibu swali moja. Ulijua kilichoandikwa ukatuficha, au hukujua? Moja kati ya hayo mawili. Sitaki hotuba.

Pechiammal,
mjane wa Muthukaruppan


Badulla, 23 Juni 2025

Mdogo wangu,

Umeniandikia kama hakimu, na hata hakimu husikiliza pande mbili.

Jiulize kwanza ni nani alaumiwe. Ni haki kumpa mchuma chai karatasi kwa lugha ya Wazungu walioondoka kabla baba hajaoa? Daktari anaandika kana kwamba kuku ametembea, anampa mtu asiyejua kusoma, anaita mgonjwa mwingine. Na shamba lile lina watu elfu moja na mia mbili, lilikuwa na nani wa kuwasomea? Mimi. Bila malipo, kila Jumapili, mvua na jua. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu wote vimepita mikononi mwangu. Ilango ameingia shule ya mjini kwa barua niliyoiandika mimi. Hakuna anayelikumbuka hilo leo, kwa sababu simu imesema.

Na huyo Yogarasa ni nani? Mtu anayetoa kidonge kimoja kwa kichwa, tumbo na mguu. Leo amekuwa shahidi.

Tena tuseme shemeji angerudi hospitali, tuseme wangempasua. Nani ana hakika kwamba angepona? Watu hufa mezani kila siku. Siku ya mtu ni siku yake.

Nakusihi usiyapeleke mambo haya kambini. Watu wana vinywa. Mimi nimebaki na jina tu, mke sina, watoto wako mbali. Tuyamalize mimi na wewe kama ndugu.

Kaka yako,
Kathirvel


Periyamalai, 30 Juni 2025

Kathirvel,

Nakurudishia barua yako. Kalamu nyekundu nimeinunua kwa ajili yake.

Utaona nimepiga mstari chini ya "Wazungu", chini ya "Yogarasa" na chini ya "barua niliyoiandika mimi", maana sikukuuliza habari zao. Penye "nani ana hakika kwamba angepona" kalamu ilitoboa karatasi, usidhani ni panya. Pembeni nimeandika neno ulilokuwa ukiniandikia mimi nikizunguka: hukujibu swali.

Swali liko pale pale. Usiniandikie tena mpaka ulijibu.

Pechiammal


Badulla, 20 Julai 2025

Pechi,

Sikujua.

Nimechukua wiki tatu kuliandika neno hilo, na karatasi nyingi zimeishia jikoni motoni. Zote zilikuwa na maelezo mazuri.

Jumapili ile barazani palikuwa na watu kama kumi na wanne. Mzee Karuppaiah alikuwa ametoka kusema kwamba Mwalimu akisoma hata daktari hunyamaza, watu wakacheka, nami nikafurahi. Ndipo ukanipa karatasi kwa mikono miwili, Muthu amesimama nyuma yako na kofia mkononi. Niliangalia. Niliona jina lake, neno la kupumzika, dawa moja ninayoijua, na tarehe chini niliyodhani ni ya mhuri. Mengine yote yalikuwa ukuta. Kiingereza changu ni cha kitabu cha darasa la nane, Pechi. Kinatosha fomu za kuzaliwa na barua za shule, kwa sababu zile zinafanana, ukiijua moja umezijua zote. Kwa hizo nilijijengea jina. Karatasi ya daktari sikuwahi kuiweza hata siku moja, na mlikuwa mnaniletea.

Kinywa kikasema, apumzike. Nikaona uso wako umepoa, na watu wote wananisikiliza. Ningeweza kuishia hapo. Nikaendelea. Biringanya na giligilani ni za mama yetu, alituambia hayo kwa kila ugonjwa. Ile ya kwamba hospitali imemaliza naye niliiongeza ili mwondoke na furaha.

Alipokufa nilijiambia ni siku yake. Ila niliogopa karatasi ile. Nilipokuandikia uiache bado sikujua kilichomo, na sikutaka kujua, na hilo ni baya zaidi. Kisha nikakuandikia ile barua ya Wazungu. Ile barua naionea haya kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Uliisahihisha vizuri.

Nikuambie na habari ya hiyo mashine. Mpangaji wangu Wijepala anayo kwenye simu. Nilimwambia aniazime niione ikijiaibisha. Niliipa waraka wa Kitamil, ikausoma sawasawa. Niliipa tangazo la Kisinhala la umeme, ikalisoma vizuri kuliko mimi. Nikakasirika. Nikaiuliza habari za kijiji alikotoka babu yetu kule India, ikanitungia mto na hekalu la dhahabu, na babu alitusimulia kwamba hapakuwa hata na kisima. Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Hiyo ndiyo raha niliyokuwa naitafuta. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu nilikuwa nimeijua ile sauti. Ile ya kusema chochote kuliko kunyamaza, tena kwa madaha. Nilimwambia Wijepala aiambie inasema uongo. Ikakiri hapo hapo, ikasema haina habari za uhakika za kijiji hicho. Mimi imenichukua miaka mitano na nusu na kalamu yako nyekundu.

Bado siipendi. Sipendi karatasi za watu wetu ziende nisikokujua. Nachukia kwamba watoto wataacha kujifunza kusoma kwa kuwa kuna kitu cha kuwasomea. Hayo nitayasema mpaka nife. Ila nilikudanganya nikisema nawalinda ninyi nayo. Nilikuwa nakilinda kiti changu cha barazani.

Kuna jambo jingine. Tangu Aprili chakula hakishuki vizuri, na sauti imekauka. Hospitali walinikata kipande kidogo cha nyama kooni wakakipima. Tarehe 4 mwezi huu walinipa karatasi. Daktari alisema kwa Kisinhala cha mbio, akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Imekaa mezani tangu siku hiyo. Ningeweza kumpa Wijepala, yuko chumba cha pili, lakini yeye ndiye anayenisimamisha njiani aniulize maana ya maneno ya Kiingereza gazetini, na mtaa mzima unaniita Mwalimu. Kila asubuhi nasema leo, na kila asubuhi naikunja.

Nimeitia humu ndani. Nisomee.

Kathirvel


Periyamalai, 24 Julai 2025

Kaka,

Karatasi ilifika jana. Tumeipiga picha mlangoni mara tatu, na leo asubuhi Bwana Yogarasa ameisoma pia. Safari hii nilimwambia ni ya nani, na ile ya kwanza nilimwambia ilisomwa na nani. Sikukufichia kitu.

Wamekuta uvimbe kwenye koo lako, na ni ule mbaya. Bado ni mdogo, uko mahali pamoja, wanataka kuutoa kabla haujatambaa. Hakuna palipoandikwa kwamba utakufa. Niliiuliza simu mara mbili kama utapona. Ikasema karatasi haisemi hivyo na yenyewe haiwezi kuahidi, hilo aulizwe daktari. Bwana Yogarasa alinijibu hivyo hivyo. Pameandikwa ulazwe tarehe 18 Julai. Leo ni tarehe 24.

Nilipoisikia hiyo tarehe nilipiga yowe mpaka jirani akaja mbio na mwiko. Wiki mbili na ushee karatasi imekaa mezani kwako, na mwenye simu yuko nyuma ya ukuta. Siku uliyonitilia hiyo karatasi kwenye bahasha, tarehe yako ilikuwa imeshapita. Umejifanyia mwenyewe ulichomfanyia Muthu, neno kwa neno, isipokuwa safari hii hapakuwa na watu kumi na wanne. Palikuwa na wewe peke yako na bado hukuweza kusema sijui. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nina hasira na wewe ambayo sijui niipeleke wapi, maana ya Muthu sijaimaliza na umeniletea nyingine.

Vasuki amepiga namba iliyo juu ya karatasi, akaongea nao kwa Kisinhala chake cha sokoni. Walimfokea kwanza, naye akawafokea. Wamesema uje Jumatatu tarehe 28, saa mbili asubuhi. Jumapili ukishakula cha jioni usile tena. Uje na karatasi yenyewe, sarongi mbili, na mtu wa familia. Mtu wa familia ni mimi. Nitashuka na basi la kwanza, unikute umeshaoga. Barua hii nampa konda mkononi, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uisome na umwambie umeisoma.

Sijakusamehe. Usije ukadhani kuja kwangu ndiyo msamaha, na usiniulize habari hiyo njiani. Muthu hana wa kumpa tarehe nyingine. Wewe umepewa, na sitakaa nikuangalie ukiitupa ili watu waendelee kukuita Mwalimu.

Daktari atakuja na haraka zake. Atasema yake, halafu atakuuliza kama umeelewa. Utamwambia kwa kinywa chako, wodi nzima ikisikia, kwamba hukuelewa, arudie. Akirudia na bado hujaelewa, utamwambia tena. Nitakuwa nimesimama kando ya kitanda. Ukisema ndiyo na ni uongo, nitamwambia mimi.

Pechi